Kuchora All Saints kwa rangi za maji, maghorofa yakiwa nyuma

Anza kwa kuchagua upande. Kanisa Kuu la All Saints, jijini Nairobi, liko pale Kenyatta Avenue inapoelekea Valley Road, na mji umelizunguka kwa pande mbili tofauti. Ukikaa upande wa Valley Road ukitazama mashariki, nyuma ya kanisa unapata maghorofa ya katikati ya jiji: Nyayo House, Teleposta, na jumba la mikutano la KICC mbali kidogo. Ukikaa kaskazini ukitazama kusini unapata Upper Hill, na pale miti inapokuruhusu, mlingoti wa ghorofa la Britam. Zote mbili huzipati. Kuna picha zinazouzwa kwa watalii ambamo KICC na Britam zimesimama bega kwa bega nyuma ya kanisa hili, na abiria yeyote wa matatu namba 46 ya Kawangware akiziona anajua mchoraji hakuwahi kukaa hapo.

Mimi hupendelea upande wa Valley Road. Sababu moja ni jua la alasiri. Nyingine nitaieleza tukifika kwenye anga.

Ujue pia anayekuelekeza ametokea wapi. Kilichonilisha miaka mingi ni mabango: jina la kinyozi, kuku wa hoteli, onyo la "Usikojoe hapa", na ubavu wa matatu kabla stika za kuchapishwa hazijatufukuza sokoni. Kwenye bango unaanza na rangi nzito, halafu mng'ao wa herufi unauweka mwisho kabisa kwa nyeupe ya mafuta. Rangi za maji zinataka ugeuze akili. Nyeupe yako ni karatasi yenyewe, na ukishaifunika imekwenda. Kwa hiyo kabla ya kulowesha brashi, amua ni wapi hutapaka. Kwenye picha hii ni mahali patatu: ukingo wa minara unaopigwa na jua, paa la gari moja au mawili barabarani, na kipande kikubwa cha anga mkono wa kulia wa kanisa. Pawekee alama hafifu ya penseli, usije ukapasahau mkono ukishachangamka.

Saa na majira

Sisi tuko karibu mno na ikweta, na vitabu vingi vya uchoraji vimeandikwa na watu ambao jua lao huinama mwaka mzima. Nairobi, Machi na Septemba, jua la saa sita mchana linasimama utosini. Kuta zote zinakosa kivuli, kanisa linaonekana kama limekatwa kwenye kadibodi, na hata ukiwa hodari vipi utachora kadibodi. Njoo saa tisa na nusu. Kufikia saa kumi jua limeelekea Ngong, linayapiga mawe kutoka magharibi, na kila nguzo inamwaga kivuli kirefu kwenye ukuta wa jirani yake. Una kama saa moja na nusu ya kufanya kazi kabla mwanga haujawa wa machungwa na kukudanganya.

Asubuhi pia kuna picha, ila ni picha nyingine: jua linatoka nyuma ya mji, maghorofa yanageuka bluu hafifu, kanisa linakuwa giza tupu. Anayeanza aiache kwanza.

Majira nayo yana neno. Januari na Februari hewa ni kavu na karatasi inakauka kabla hujamaliza sentensi. Beba chupa ya kunyunyizia maji. Julai ni kinyume, baridi na wingu zito, na mpako mmoja unaweza kukukalisha hapo ukipuliza mikono. Oktoba ndiyo nzuri kuliko zote, kwa sababu ya mijakaranda, lakini mvua ya vuli ikianza hutakuwa na hoja nayo. Funga vitu, nenda nyumbani.

Vya kubeba

Karatasi ndiyo ya kugharimia. Usihangaike na manila ya shule. Inakunywa maji, inavimba, na rangi inabaki juu kama uchafu. Tafuta ya gramu 300, ikiwezekana ya pamba, yenye uso unaokwaruza kidogo ukiipitishia kidole. Karatasi kubwa huwa sentimita 56 kwa 76, na ukiikata mara nne unapata vipande vya 28 kwa 38, ambavyo vinatosha kabisa. Kibandike kipande kwenye plaiwudi kwa ile selotepu ya karatasi wanayotumia mafundi wa rangi ya magari, pande zote nne, bila kuacha pengo.

Rangi nne zinatosha. Usisome jina lililoandikwa mbele ya tyubu, soma msimbo ulio nyuma, maana majina hubadilika kutoka kiwanda hadi kiwanda: PB29, bluu nzito ya ultramarini, PBr7, kahawia ya sienna iliyochomwa, PY42 au PY43, oka ya manjano, na PV19, waridi. Nyeusi waachie wachora mabango. Bluu hiyo na kahawia hiyo zikichanganywa zinakupa kijivu cha kila namna, na ndiyo rangi ya nusu ya picha hii.

Brashi mbili: ya mviringo namba 10 yenye ncha inayorudi mahali pake, na bapa ya upana wa vidole viwili. Sahani nyeupe ya kaure, penseli 2B, raba laini, kitambaa, mikebe miwili ya maji. Na kofia. Ninawaona vijana wakija na brashi za bei bila kofia, na baada ya saa moja wanachora wakiwa wamefumba macho.

Kuchora kwa penseli

Kwa mita, kanisa ni dogo. KICC ina urefu wa mita 105, na haiko hata karibu na kuwa ndefu kuliko zote sasa. Lakini uko karibu na kanisa na mbali na KICC, na karatasi inajua umbali tu. Nyoosha mkono, funga jicho moja, pima mnara wa kanisa kwa penseli kutoka chini hadi juu, halafu tumia kipimo hicho kwa kila kitu: ghorofa lile ni minara mingapi, mti ule ni nusu mnara au zaidi. Wengi wakipima hivi wanashangaa, kwa sababu kichwani mwao maghorofa yalikuwa makubwa mara mbili.

Kanisa lichukue zaidi ya theluthi moja ya upana wa karatasi, na lisikae katikati. Mimi hulisogeza kushoto.

Chora mstari wa macho yako kwanza, pale ambapo macho yako yangefika ukitazama mbele bila kuinua kichwa. Kingo zote za kuta na paa zilizo juu ya mstari huo zinashuka kuufuata kadiri zinavyokwenda mbali nawe. Kwenye kanisa mteremko huo unaonekana wazi. Kwenye maghorofa ya mbali ni mdogo mno, karibu mlalo, na ukiuzidisha yataanguka.

Matao ya madirisha ndiyo huwafichua wanaokadiria. Jengo hili ni la mtindo wa kigothi, na tao lake lina ncha. Watu huchora nusu duara halafu wakaongeza ncha juu, likatoka kitunguu. Lifanye hivi nyumbani mpaka mkono ulijue: pima upana wa dirisha, weka ncha ya bikari kwenye mguu wa kushoto wa tao, ifungue hadi mguu wa kulia, chora upinde kwenda juu. Rudia kutoka mguu wa kulia. Pinde mbili zinapokutana ndipo kilele. Dirisha likiwa jembamba na refu, vituo vya bikari husogea nje ya miguu na tao huchongoka zaidi. Ukishalielewa hilo unaweza kuchora bila bikari ukiwa umekaa kwenye kigoda, na litasimama.

Maghorofa uyawekee mistari miwili ya wima na kofia juu, basi. Nyayo House ina ghorofa 27, KICC ina 28. Ukianza kuzihesabu kwa penseli utazipaka pia, na ukizipaka hizo picha imekwisha, kwa sababu jicho la mtazamaji litakwenda kuhesabu na halitarudi kanisani.

Anga na mji kwa pamoja

Hapa ndipo penye kazi, na ndicho kitu kimoja ninachotaka ukishike hata ukisahau mengine yote: maghorofa yapake kama sehemu ya anga. Yasiwe majengo. Jengo ni moja tu kwenye karatasi hii.

Lowesha karatasi kwa maji safi kuanzia juu, upitishe brashi kwa uangalifu kuzunguka umbo la kanisa ili lenyewe libaki kavu kabisa. Teremsha maji hadi pale miti inapoanzia. Karibu na miti dondosha oka nyepesi sana. Hiyo ndiyo vumbi na moshi wa Uhuru Highway, na ipo kila alasiri upende usipende. Juu kabisa, upande wa kushoto, weka bluu, uiache ishuke yenyewe ukiinua plaiwudi kidogo. Upande wa kulia, juu ya miti ya Uhuru Park, usiweke kitu.

Sasa ngoja. Inamisha kichwa utazame karatasi kwa upande: inang'aa kama kioo, bado. Mng'ao ukififia ukabaki kama wa yai, ndio wakati. Chota rangi nzito kuliko unavyodhani, yenye maji machache kuliko yaliyo kwenye karatasi, na kwa brashi bapa shusha kila ghorofa kwa mvuto mmoja kutoka juu kwenda chini. Nyayo House: oka na tone la sienna. KICC ina rangi ya udongo: sienna na bluu kidogo ya kuituliza. Teleposta na mengine: kijivu cha bluu, chepesi. Kingo zitalainika zenyewe. Ukifika karibu na miti, inua brashi, acha ghorofa liyeyuke bila miguu. Hewa ya mji ndivyo inavyofanya kweli: vumbi ni jingi chini kuliko juu, kwa hiyo kichwa cha ghorofa la mbali huonekana wazi kuliko kiuno chake.

Ukichelewa na kurudia mahali palipoanza kukauka ukiwa na brashi yenye maji mengi, maji yatasukuma rangi pembeni na kuacha duara lenye kingo za mchongoma. Likitokea usilifukuze. Likaushe, kesho utaliita wingu.

Kitu kimoja tu cha mbali kipate ukingo mkali, na ukifanye baada ya kukauka: ile sahani iliyo juu ya KICC. Mstari mmoja mfupi wa kivuli chini yake, kwa ncha ya brashi. Mtu wa Nairobi akiiona hiyo anajua yuko wapi, na huhitaji kumwambia zaidi.

Kile kipande cha kulia

Niliahidi sababu ya pili. Mwaka 1989 palipangwa ghorofa 60 lijengwe ndani ya Uhuru Park, makao ya gazeti la chama tawala, pamoja na sanamu kubwa ya rais. Wangari Maathai alipinga, akaandika barua kila mahali, akatukanwa bungeni, na hatimaye mpango ukafutwa. Ghorofa hilo lingekuwa ndani ya picha yako, na lingekuwa refu kuliko kila kitu kilichomo. Halipo. Anga unaloliona juu ya miti ile ni la watu waliokataa.

Miaka mitatu baadaye, mwaka 1992, akina mama wa wafungwa wa kisiasa waligoma kula kwenye kona ya bustani hiyo hiyo. Polisi walipowavamia kwa marungu na gesi ya kutoa machozi, walihamia All Saints, wakakaa chini ya kanisa karibu mwaka mzima wakidai wana wao. Na kwenye maandamano ya Saba Saba, tarehe 7 Julai 1997, polisi waliingia mpaka ndani ya kanisa hilo wakapiga watu. Ng'ambo ya barabara, chini ya Nyayo House, ndiko kulikokuwa na vyumba vya mateso miaka ya 1980.

Siyasemi haya ili uchore polisi. Ninayasema kwa sababu uzito kwenye picha lazima utokane na kitu, na mwanafunzi akiniuliza kwa nini kanisa liwe zito na Nyayo House iwe ukungu wakati Nyayo House ni ndefu zaidi, jibu langu si la rangi peke yake. Kile kipande cha kulia kiache karatasi tupu, au kwa uchache maji yenye kivuli cha oka. Mkono utakuwasha kuweka wingu. Hata kunguru mmoja usiweke.

Mawe

Sasa kanisa, na karatasi iwe imekauka kabisa. Igusishe mgongo wa mkono. Ikiwa baridi, bado ina maji ndani.

Jiwe la msingi liliwekwa mwaka 1917 na ujenzi ukakamilika mwaka 1952. Mbunifu wake, Mwingereza Temple Moore, alifariki mwaka 1920 bila kuliona likiisha. Kuta zilizopanda kwa miaka 35 na kunyeshewa kwa miaka mingine mingi haziwezi kuwa na kijivu kimoja, kwa hiyo usichanganye dimbwi moja la rangi ukalipaka kila mahali. Weka bluu na sienna kandokando kwenye sahani, bila kuzikoroga, uchote huku kidogo na kule kidogo, uziache zikutane kwenye karatasi. Ultramarini ina tabia ya kutulia kwenye vishimo vya karatasi na kuacha chembechembe. Kwa anga hilo linaudhi. Kwa mawe ni zawadi: ukuta unapata mkwaruzo wake bila wewe kuchora jiwe hata moja.

Upande wenye jua upake oka nyepesi mno, karibu maji, na ule ukingo uliouwekea alama uuruke. Upande wa kivuli uwe bluu zaidi, na upake kwa mara moja kutoka juu hadi chini. Kivuli kilichopakwa mara tatu kinakufa. Ukitaka mawe yaonekane, chagua matano au sita karibu na ukingo wa mwanga, yachore kwa mstari uliokatikakatika, uishie hapo.

Madirisha: vioo vya rangi ni uzuri wa ndani. Mchana, ukiwa nje, ni giza tu. Wanaopaka nyekundu na kijani wanachora wanachokijua badala ya wanachokiona. Changanya bluu na sienna nzito, jaza tao, na kabla halijakauka gusa chini kwa brashi yenye maji safi ili giza lipate pumzi. Dirisha moja liwe jeusi kabisa, lililo karibu nawe. Mengine yafifie kadiri yanavyokwenda mbali.

Miti na barabara ni kazi fupi. Majani ni bluu na oka, mazito chini ya kanisa, yakiwa na matundu ya kupitisha mwanga. Ikiwa ni Oktoba, zambarau ya jakaranda ni ultramarini na waridi, nayo idondoshe kwenye karatasi yenye maji. Iweke upande mmoja tu maana ina kelele. Gari ni kivuli chini na paa jeupe juu. Matatu nayo, japo mimi ndiye ninayesema, isipate michoro ubavuni.

Mambo ya askari

Usikae ndani ya uwanja wa kanisa bila kupita ofisini kuomba. Eleza unachotaka, taja saa utakayoondoka, na usije Jumapili wala kwenye harusi. Ukiwa nje ya ua, jua kwamba mtu aliyekaa kwa muda mrefu akitazama majengo ya serikali na kuandika kitu huwapa askari maswali. Weka karatasi yako ionekane wazi, mwamkie yeye kwanza, na akikuambia sogea, sogea. Kanjo, yaani askari wa jiji, wakifika ni muhimu waone huuzi. Ndiyo maana picha zilizokamilika hazibebwi siku ya kuchora.

Simu na mkoba uviweke katikati ya miguu, siyo nyuma ya kigoda.

Baada ya kumaliza, acha karatasi ibaki kwenye plaiwudi usiku kucha ikiwa imelala chali, ndipo uivue selotepu, ukiivuta kwa pembe kuelekea nje ya picha na si kuelekea ndani. Ukiipeleka kwa fundi wa fremu, mwambie aweke kadi ya kutenganisha kioo na karatasi, kwa sababu masika yakija unyevu hunasa katikati na rangi hushikana na kioo. Na usikubali akukatie kile kipande cha kulia ili picha iingie kwenye fremu aliyonayo tayari. Atajaribu.